Barua Moja ya Vidole Viwili

Naomba radhi kabla sijaanza. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na tahajia yangu itawachosha wale waliosoma zaidi. Mimi nilifika darasa la sita tu. Tena herufi zangu nilifundishwa mara mbili. Kwanza nilifundishwa na dada za Mama kule Kangeta, upande wa Meru, ambao ni watu wa Padri, yaani Wakatoliki. Halafu nikaingizwa shule ya Misheni, ya Waprotestanti, huku Embu, karibu na Kanja, ambako Baba alizaliwa. Kule Kangeta niliandika Yezu Kristu. Huku Kanja mwalimu alinipiga vidole kwa rula, akaniambia jina la Mwokozi ni Yesu Kristo, na hiyo z niirudishe nilikoitoa. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye jina hilo, kalamu yangu husimama. Watu wakiniona nimesimamisha kalamu hudhani nawaza mambo makubwa, kumbe natafuta herufi.

Nataka kueleza jinsi herufi hizo zilivyokaribia kumpoteza kaka yangu. Nimechelewa kuandika kwa sababu mimi ni mtu wa haya, na kwa sababu wawili kati ya watu ninaowaeleza bado wanaishi hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Lakini nikinyamaza naona hasira inanikaa tumboni kama viazi vibichi.

Zamani kwetu watu wa Misheni walikuwa na kilima chao na watu wa Padri walikuwa na chao, na kati yao kulikuwa na mto. Waliweza kusengenyana mwaka mzima bila kusikiana. Hali ya Hatari ilipokuja, serikali ikatutoa sote mashambani, ikachoma nyumba zetu za zamani na kutukusanya katika kijiji kimoja. Nyumba zilijengwa kwa mistari, karibu karibu, mtu akikohoa jirani anageuka kitandani. Tulichimba handaki kuzunguka kijiji chote, tukasimika ndani yake vijiti vilivyochongoka, na lango likawa moja, likilindwa na homgadi, askari wenyeji waliowekwa na serikali. Kutoka ilitakiwa pasi. Kurudi ilitakiwa iwe kabla ya kafyu, saa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje. Nyumba ya kusalia tuliruhusiwa moja tu, kibanda cha udongo karibu na lango, maana serikali haikupenda mikutano mingi.

Mtu angedhani shida hiyo ingetuweka pamoja. Tulikuwa tunanyeshewa mvua ile ile na kuchimba handaki lile lile, wanawake wa Misheni na wa Padri wakipokezana jembe moja. Lakini ikifika Jumapili ulikuwa ni ushindani mtupu. Misheni walikuwa na kengele yao, kipande cha jembe la plau kilichoning'inizwa upande wa kulia wa kibanda. Watu wa Padri walitafuta rimu ya gurudumu la lori wakaitundika upande wa kushoto, kwa sababu rimu ina sauti kubwa zaidi. Zamu ya Misheni ilikuwa asubuhi na ya Padri baada yake. Misheni wakikaribia kumaliza, rimu inaanza kupigwa. Ikipigwa rimu, Misheni wanaongeza wimbo mwingine. Wale wa nje nao wanaanza wimbo wao mlangoni. Homgadi walikuwa wakicheka mpaka wanashikilia bunduki zao kama fimbo. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikitamani ardhi inimeze. Na viti navyo: Misheni walielekeza mabenchi mashariki, watu wa Padri wakiingia wanayageuza magharibi. Kila Jumapili. Benchi moja lilivunjika miguu kwa kugeuzwa.

Viongozi walikuwa wawili. Wa Misheni alikuwa mwinjilisti, mtu mrefu mwenye sauti, aliyejulikana kwa sahihi yake. Sahihi ile ilikuwa na mkia unaozunguka mara tatu kama mche wa maharage ukipanda mti. Watoto waliiga kwa kijiti mchangani. Wa Padri alikuwa katekista, mfupi, mpole usoni lakini mgumu kama mzizi wa mkuyu, na katika mfuko wa shati lake kulikuwa na kalamu nyeusi ya wino yenye kishikizo cha dhahabu, zawadi ya Padri. Hata akichimba handaki alikuwa nayo. Kitu cha kuchosha zaidi ni kwamba wazee hawa wawili walikuwa rika moja. Walitahiriwa asubuhi moja, kwenye maji yale yale, na kabla dini haijafika walichunga mbuzi pamoja. Sasa wakikutana njiani mmoja alisema "Mwalimu" na mwingine akasema "Mwalimu," kama watu wanaotemeana mate kwa adabu.

Basi kaka yangu akakamatwa. Alikuwa anatoka soko la Kanja na debe la mahindi kichwani, na pasi yake ilikuwa imeisha siku iliyotangulia. Wakasema mahindi yale anayapeleka msituni kwa wapiganaji. Akapelekwa kampi ya kazi, chini kwenye nyanda, wanakochimba mifereji kwenye jua. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alibaki na mimi, na mimi sikuwa mtu wa kusimama mbele ya meza ya mzungu yeyote.

Watu walimwambia Mama: mtu wa dini akimshuhudia kijana, anaweza kuachiliwa. Mama akamwendea katekista, maana kaka alibatizwa na Padri akiwa mtoto mchanga kule Meru kwa mama zake wadogo. Katekista akapata barua iliyoandikwa na karani wa Padri na kupigwa muhuri. Mwinjilisti aliposikia, hakungoja kuombwa. Naye akaandika barua yake, ndefu, kurasa mbili, maana kaka alisoma shule ya Misheni na kuimba kwao sauti ya chini. Mama alifurahi. Alifikiri barua mbili ni bora kuliko moja.

Siku chache baadaye hedimani wa kijiji alikuja nyumbani kwetu na majibu ya Bwana Shauri, mzungu wa serikali aliyetawala wilaya yetu. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Mama, barua zenu zimesomwa," alisema. "Ya katekista inasema kijana ni wa Padri, na kwa Misheni alikwenda kuimba tu. Ya mwinjilisti inasema kijana ni wa Misheni, na kwa Padri alimwagiwa maji tu, akiwa amelala."

"Yote ni kweli," alisema Mama.

"Ngoja. Ya mwinjilisti inasema pia kwamba hao wengine hubatiza yeyote bila kumjua, kwa hiyo ushahidi wao usiaminiwe. Na ya katekista inasema shule ya Misheni imetoa wezi wengi, kwa hiyo ushahidi wao usiaminiwe." Hedimani aliipangusa kofia. "Bwana Shauri amesema amewaamini wote wawili. Hatashika barua yoyote."

Hedimani akaendelea kwamba Bwana Shauri atafika lango la kijiji Alhamisi asubuhi. Akipata barua moja, ya walimu wote wawili, yenye neno moja, ataisikiliza. Asipoipata, kaka atapanda lori Ijumaa pamoja na wengine wanaohamishwa kampi ya mbali, kule pwani, na huko hatujasikia aliyerudi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano mchana tulikaa kibandani, sisi wanne: mwinjilisti, katekista, Mama, na mimi. Mama alileta uji wa wimbi katika kibuyu. Mimi nilikuwa na karatasi nne nilizochana katikati ya daftari langu la zamani, kichupa cha wino wa unga nilioukoroga mwenyewe, na kalamu ya kuchovya. Niliwekwa kuandika kwa sababu wote wawili waliniamini, na waliniamini kwa sababu sikuwahi kufungua mdomo mbele ya yeyote kati yao.

Karatasi ya kwanza iliharibika kwenye mstari wa kwanza. Niliandika, "Sisi, mwinjilisti wa Misheni na katekista wa Padri." Katekista akaomba asomewe tena, kisha akasema, "Kwa nini yeye ametangulia?"

"Kwa sababu Misheni ilifika hapa kwanza," mwinjilisti alisema.

"Ilifika kwanza Embu. Mtoto alizaliwa Meru. Meru Padri alifika kwanza."

"Tunaandika barua ya Embu."

"Tunaandika barua ya mtoto."

Nilichukua karatasi ya pili. Niliandika, "Sisi walimu wawili wa kijiji hiki." Hilo lilipita, nikashusha pumzi. Tukaenda vizuri mistari mitatu: kwamba tunamjua kijana huyu, kwamba mahindi yalikuwa ya chakula cha mama yake, kwamba hajapatikana na jambo la msituni. Halafu mwinjilisti akasema, kwa sauti yake ya mimbarini, "Andika: naye ni mfuasi wa Yesu Kristo." Nikaandika.

Katekista aliinama juu ya bega langu. Kusoma maandishi alijua. "Umeandika nini hapo? Hii ni s?"

"Ni s, Mwalimu," nilisema.

"Mtoto hakubatizwa kwa s."

Nilikaa na kalamu hewani. Tone la wino likaanguka katikati ya ukurasa. Hiyo ikawa karatasi ya pili.

Karatasi ya tatu sitaki hata kuieleza. Katekista alitaka Yezu Kristu. Mwinjilisti akasema hataweka jina lake chini ya z. Katekista akasema basi liandikwe mara mbili, kwanza hivi, halafu vile. Mwinjilisti akauliza kwanza lipi. Wakabishana nani alitoa jina hilo kwa watu wetu, na katika lugha gani, na kama ndugu zao Wazungu huko kwao husema o au u. Mwinjilisti alimwambia mwenzake, "Wewe tangu tukichunga mbuzi ulikuwa husikii vizuri." Katekista akamjibu, "Na wewe tangu mbuzi ulikuwa unapiga kelele." Mimi nilisikia lori likipita barabarani nje ya handaki, na nikawaza Ijumaa. Nilitamani kuinuka niwaambie wazee hawa kwamba kaka yangu yuko kwenye mfereji, maji ya tope mpaka magotini, nao wanagombea herufi mbili. Sikuinuka. Niliandika walivyosema, nikafuta, nikaandika, mpaka karatasi ikatoboka.

Ikabaki moja.

Mama alikuwa muda wote akikoroga uji ambao hakuna aliyeunywa. Sasa akaweka kibuyu chini.

"Andika Bwana," aliniambia.

Wazee wote wakamgeukia.

"Andika: tangu utoto wake amemfuata Bwana. Au Bwana naye ana herufi mbili? Kama anazo, niambieni, nianze kulia sasa hivi, kabla lango halijafungwa."

Mwinjilisti alikohoa. Katekista alitazama miguu yake. Niliandika haraka kuliko nilivyowahi kuandika maishani, nikiogopa wasije wakapata kasoro katika neno Bwana. "Tangu utoto wake amemfuata Bwana, wala hakumwacha." Nilibonyeza kwa hasira, na kwenye neno la mwisho ncha ya kalamu ikapasuka, upande mmoja ukaruka mpaka kwenye uji.

Ulikuwa umebaki mstari mmoja na sahihi. Kalamu ya mwinjilisti iliteketea pamoja na nyumba yake ya zamani, na ile barua yake ndefu aliiandika kwa hiyo hiyo yangu iliyopasuka. Kalamu pekee iliyobaki chini ya paa lile ilikuwa mfukoni mwa katekista.

"Mwalimu, naomba kalamu yako," nilisema.

Akaifunika kwa kiganja. "Hii ni ya Padri."

"Kalamu ya Padri huandika dhambi za watu tu?" mwinjilisti aliuliza. "Au inaogopa karatasi ya Misheni?"

"Nimesema ni ya Padri."

"Mpe kijana kalamu," alisema Mama.

Alikawia, halafu akaitoa, akanipa bila kunitazama. Nilifungua kifuniko. Ncha yake iling'aa kama sufuria mpya dukani. Ndani ya kifuniko kulikuwa bado na kikaratasi kidogo kilichokunjwa, kile kinachowekwa kiwandani. Miaka yote ile kalamu haikuwahi kuonja wino. Niliigeuza kwenye mwanga wa mlango, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini barua yake iliandikwa na karani wa Padri, na kwa nini siku zote alisema "nitakuletea kesho" mtu akimwomba amwandikie. Katekista alijua kusoma. Kuandika hakujua.

Nakiri kwamba niliona utamu. Nilikuwa nimechoka nao, na hapa mmoja wao alikuwa mkononi mwangu. Kama ningekuwa mtu wa maneno, ningesema. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka. Katekista alikuwa anatazama mlangoni, na shingo yake ilikuwa imesimama kama ya mtu anayesubiri kupigwa.

Mwinjilisti aliitazama kalamu. Aliona nilichoona. Kisha akamtazama mwenzake, kwa muda mrefu, na nikangoja sauti ile ya mimbarini.

"Hizi kalamu za Ulaya husumbua baridi ikiingia," alisema taratibu. "Wino hukauka wote. Chovya tu kwenye chupa, kijana."

Nikachovya, nikamaliza mstari. Ikaja sehemu ya sahihi. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa vita vya nani atie wa kwanza, lakini katekista akasema, "Tia wewe, Mwalimu. Wewe kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwinjilisti alishika kalamu. Alikunja mkono wa koti lake, kama alivyozoea kabla ya kutia mkia wake wa maharage. Halafu akaiweka kalamu chini.

"Nipe hicho kitambaa," aliniambia.

Nilimpa kitambaa nilichokuwa napangusia wino. Akalimwagia wino dole gumba lake, akalipangusa kidogo, akalibandika kwenye karatasi, chini, upande wa kulia. Kisha akamsogezea mwenzake kitambaa.

"Weka chako hapa, ubavuni," alisema. "Kisiwe juu wala chini."

"Na sahihi yako?" katekista aliuliza.

"Imechoka. Weka kidole, rika, lango litafungwa."

Alimwita rika. Sikuwahi kusikia akimwita hivyo. Katekista akaweka dole gumba lake karibu na lile la kwanza, mpaka wino ukagusana, akakaa hivyo kidogo kabla ya kuliinua.

Mimi bado nilikuwa na hasira. Nilitazama karatasi yangu ya mwisho, niliyoiandika vizuri kiasi hicho, na chini yake madoa mawili meusi kama miguu ya kuku. Tukitoka nikataka kumwuliza Mama kwa nini mwinjilisti ameiacha sahihi yake. Alinishika kiwiko kabla sijasema.

"Umeona," alisema. "Basi nyamaza."

Alhamisi Bwana Shauri alikaa langoni kwenye kiti cha kukunja, na karani wake Mwafrika akasimama kando kumsomea. Wazee wawili walisimama mbele, Mama na mimi nyuma yao. Karani alifungua barua, na kabla hajasoma akaona vidole. Akacheka.

"Hawa ndio walimu wa watu?" aliwauliza homgadi. "Nilidhani angalau mmoja anajua kushika kalamu." Halafu akamtazama mwinjilisti vizuri. "Lakini wewe si ndiye uliyeandika ile barua ndefu? Ile yenye sahihi ya mkia?"

"Ndiyo mimi."

"Na leo umesahau kuandika?"

Homgadi walikuwa wamekwisha kuanza kucheka. Katekista alifungua mdomo, na niliona kwamba angesema ukweli wake hapo hapo, mbele ya wote. Mwinjilisti akamtangulia.

"Ile niliyoandika kwa mkono ilikuwa na maneno mabaya juu ya mwenzangu huyu," alisema. "Naomba itupwe. Hii ya kidole ndiyo nasimama nayo."

Karani alitafsiri, sijui alitafsiri nini. Kisha akasoma barua mstari kwa mstari, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Alipofika mahali pa Mama alisoma kwa sauti, "Tangu utoto wake amemfuata Bwana, wala hakumwacha." Akatikisa kichwa kuonyesha amekubali, akamwinamia yule mzungu, akamwonyesha kwa mkono wazi, kama anayesema: wewe. Bwana Shauri akatabasamu. Akaonekana kuridhika kabisa kwamba kuna kijana aliyemfuata yeye tangu utoto.

Niliwatazama wazee. Walikuwa wote wawili wanatazama ardhi, mahali pamoja, na hakuna aliyesahihisha. Ninavyojua, hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu waache mbuzi. Sitaki kusema walifanya vizuri kunyamaza. Nasema tu kwamba mimi nami nilinyamaza, na Mama pia.

Bwana Shauri alitia alama kwenye karatasi yake. Ijumaa lori liliondoka bila kaka.

Mwinjilisti aliilipia barua ile kwa siku nyingi. Homgadi walimwita Mwalimu Kidole. Akipita langoni walimwonyesha dole gumba na kumwuliza kama leo amelisomesha. Watu wa Misheni wenyewe walimwita kwenye kikao wakamwuliza kwa nini amewaaibisha mbele ya serikali, mtu anayejulikana kwa mwandiko. Alisema mkono ulikuwa na maumivu. Mimi nilikuwepo, benchi la nyuma. Alinitazama mara moja tu, nami nikatazama dirisha.

Kaka alirudi baada ya wiki tano. Alikuwa mwembamba, anakohoa, na ngozi ya miguu yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Jumapili yake ya kwanza nyumbani, kila upande ulitaka aanzie kwao kutoa shukrani. Kwa hiyo plau na rimu zikapigwa kwa pamoja, kwa nguvu zote, kabla jua halijachomoza vizuri. Kaka aliruka kitandani akauliza kama kuna moto. Mama akamwambia, "Hapana, ni Wakristo." Kaka akavuta blanketi akalala mpaka mchana.

Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Ningependa kuandika kwamba tangu vidole vile viguse karatasi moja kijiji chetu kimekaa kama ndugu. Haikuwa hivyo. Mabenchi bado yanageuzwa. Mwezi uliopita walibishana nani afagie kibanda baada ya mvua, mpaka kikabaki na tope siku nne. Lakini wazee wale wawili hawasengenyani tena. Mtu akija kwa mwinjilisti na maneno juu ya watu wa Padri, yeye hutazama dole gumba lake na kuuliza habari za mahindi. Rimu ikipigwa mapema hufupisha mahubiri, na watu wake wanamkasirikia kwa hilo. Nao wakikutana njiani husema "rika."

Kisha katekista alinijia, mchana, nikiwa peke yangu namenya maharage. Aliweka kalamu nyeusi mbele yangu akasema, "Nifundishe. Na usimwambie mtu." Tulikaa miezi kadhaa tukijifunza nyuma ya nyumba yetu. Sasa anaandika jina lake, na la mkewe, na barua fupi kwa mtoto wake aliye Nchiru, kule Meru. Nilipotaka kuandika habari hii nilimwomba ruhusa kwanza, maana siri ni yake. Alifikiri siku mbili. Halafu akaja akasema, "Andika. Wapo wengine wenye kalamu kavu kama yangu, na wamezeeka nazo. Lakini Yezu wangu mwandike kwa z." Nilipomwomba mwinjilisti ruhusa, alicheka, akasema niandike nitakavyo, ila maneno yake yawe kwa s.

Nimewatii wote wawili, na ndiyo maana tahajia yangu imekuwa hivi mlivyoiona.

Sasa nina ombi kwenu mliosoma mpaka hapa. Ninyi wa vijiji vingine, mliowekwa pamoja ndani ya handaki moja na Wakristo wenzenu wa upande mwingine, niandikieni. Niambieni kengele zenu mlizipangaje, mabenchi mliyaelekeza wapi, na kama yupo kwenu aliyekubali kuonekana mjinga ili mwenzake asiaibike. Tumieni herufi yoyote mliyofundishwa. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, maana bado naandika polepole, na nikifika kwenye lile jina lazima nisimame.